Mita Tatu

Huku Nkafu hakuna jirani wa kando,
kuna wa juu na wa chini.
Paa la Ntakwinja liko sawa na dirisha langu la jikoni,
na anachopika mkewe, M'Cibalonza,
mimi hukijua kabla ya mumewe.

Boila niliinunua kwa mhandisi wa barabara
aliyemaliza mkataba akauza kila kitu, hadi ndoano za pazia.
Lita themanini. Nyeupe, yenye kovu la kutu ubavuni.
Umeme ukirudi saa kumi alfajiri, inaanza kuguna:
maji yanapata moto, yanavimba, yanatafuta pa kupumulia,
na yanayozidi hutoka kwenye vali
yakateremka kwa bomba la plastiki
hadi mfereji wa barabarani.

Ndivyo ilivyopaswa.

Lakini aliyelifunga aliweka bomba la maji baridi,
jembamba, la bei ya huruma.
Likalegea, likapinda kama mgonjwa aliyeegemea ukuta,
likapasuka kwenye kiwiko.
Nikalala nikihesabu. Ni mwalimu wa hesabu, nisamehewe:
matone tisini na mawili kwa dakika
juu ya bati la watu.
Tak. Tak. Tak-tak.
Kila tone nililisikia kama jina langu
likitajwa na mtu ambaye bado ana adabu.

Fundi Bisimwa alisema yuko njiani.
Jumanne yuko njiani. Alhamisi yuko njiani.
Kufikia Ijumaa nikadhani ameshapita Uvira.

Jumamosi nikaenda Nyamugo mwenyewe.
"La maji ya moto," nikasema, "lile zito."
Muuzaji akaligonga kwa ukucha, akagonga na lile jingine,
nisikie tofauti. Nikasikia.
Nusu mita, kopo la gundi, kipande cha msasa.
Nikakata palipopasuka kwa msumeno wa kuazima,
nikapasha ncha juu ya mbabula,
nikiizungusha polepole kama hindi la kuchoma,
moshi wake mchungu ukinitoa machozi yasiyo na msiba.
Plastiki ikawa laini kama sikio.
Nikaivisha juu ya mwenzake, nikashika,
nikahesabu hadi mia mbili.
Ikapoa. Ikakumbuka kuwa ni bomba.

Usiku huo boila iliguna
na bati la Ntakwinja likanyamaza.
Nililala usingizi wa mtu aliyelipa deni.

Saa kumi na mbili, hodi.
M'Cibalonza, kitoto mgongoni, beseni tupu mkononi,
la bluu, lenye duara la chokaa ndani
pale maji yalipozoea kuishia.
"Mwalimu, boila yenu imekufa?"
Hapana, nikasema, nimeitengeneza.
"Aa. Pongezi, basi."
Akalitazama bomba jipya kwa heshima,
jinsi unavyotazama kufuli la mtu.
Kisha, amekwisha kugeuka, kama anayemwambia mtoto:
"Yalikuwa na uvuguvugu. Huyu alikuwa halii."

Bomba la kwao limekauka tangu Pasaka.
Nilijua. Nilijua kama ninavyojua jedwali la saba,
bila siku nyingi kulitumia.

Nikamjazia jagi. Lilionekana dogo
kila ngazi aliyoshuka.

Jumapili, baada ya misa, Nyamugo, duka nusu wazi.
Muuzaji alinikumbuka.
"Limepasuka tena?"
"Halijapasuka."
"Sasa unataka la nini?"
Nikapima hewani kwa mikono, watu wakinitazama:
kutoka ukuta wangu hadi pembe ya paa lao,
kisha chini, chini,
hadi usawa wa beseni likiwa limekaa juu ya jiwe.
"Mita tatu," nikasema. "Na kiwiko."